VISANDUKU VYA BAHATI KATIKA MICHEZO YA SIMU: BIASHARA, MCHEZO AU KAMARI?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Chanzo cha makala hii

Ijumaa moja baada ya swala, mama mmoja alinijia kwenye baraza ya msikiti akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Akasema, "Sheikh, muulize huyu pesa za ada ya dada yake zimekwenda wapi." Kwa muda wa wiki tatu kijana alikuwa akichukua simu ya mama yake usiku, na namba ya siri alikuwa anaijua, akinunua "almasi" za mchezo fulani wa mtandaoni. Kwa almasi hizo akawa anafungua visanduku ambavyo ndani yake hutoka silaha na mavazi ya mchezaji. Mama akasema huu ni wizi. Mjomba wa kijana akasema hii ni kamari. Kijana mwenyewe akasema hakuiba wala hakucheza kamari, bali alinunua, na kila aliponunua alipata kitu.

Nakiri kosa langu. Nilimjibu haraka, kama wengi wetu tulivyozoea: michezo yote ya simu ni upuuzi na ni haramu, ifute. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Sheikh, umewahi kuiona?" Sikuwahi kuiona. Nikakumbuka kanuni tuliyoisoma tangu tulipokuwa wanafunzi, kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa kwanza. Nikamwambia akae, anionyeshe. Makala hii ni matunda ya kikao kile na ya kurejea vitabu baada yake. Nimeiandika kwa maimamu na wanafunzi wenzangu, kwa sababu swali hili limekwisha ingia katika misikiti yetu, na jibu la haraka halimsaidii mama wala mtoto.

Kisanduku cha bahati ni kitu gani?

Michezo mingi ya simu na kompyuta siku hizi hupakuliwa bure. Kampuni hupata pesa zake ndani ya mchezo. Mchezaji hununua kwanza sarafu ya mchezo kwa pesa halisi. Wengine huiita almasi, wengine pointi, wengine vito. Kisha kwa sarafu hiyo hununua vitu. Hapa ndipo tunapotakiwa kuwa makini, kwa sababu kuna aina mbili za ununuzi.

Aina ya kwanza, mchezaji anaona vazi, anaona bei yake, analipa, analipata. Aina ya pili, mchezaji analipia kisanduku kilichofungwa. Ndani yake huenda kukatoka kitu adimu kinachotamaniwa na kila mtu, au kitu cha kawaida ambacho tayari anacho, na asilimia ya kila kimoja imepangwa na kampuni katika programu yake. Analipa kwanza, kisha ndipo anajua amenunua nini. Taa zinamulika, muziki unapigwa, kisanduku kinatikisika, na macho ya mtoto hayapepesi. Kikitoka kisichotakiwa, kitufe cha kununua tena kiko pale pale.

Jambo hili halikuanza jana. Nchini Japani zilikuwepo mashine za barabarani ambazo mtoto hutia sarafu na kutoka kikopo chenye mwanasesere asiyemjua, na kutoka humo michezo ya simu ikachukua mfano na jina la "gacha". Mwaka 2009 mchezo wa mpira wa FIFA ulianza kuuza pakiti za kadi za wachezaji ambazo mnunuzi hajui ndani yake mna nani. Baada ya hapo mtindo huu ulienea duniani kote.

Wale waliokulia katika miji yetu wanakumbuka "pata potea": karata tatu, kijana mwepesi wa mikono, na kundi la watu waliozunguka. Tofauti ni kwamba pata potea ilikuwa kituo cha basi na polisi waliifukuza. Hii iko kitandani kwa mtoto, chini ya shuka.

Maysir ya zama za Jahiliya

Ili tuijue hukumu, turejee asili. Mwenyezi Mungu (S.W) katika Suratul Maidah, aya ya 90 na 91, ameitaja kamari (maysir) pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupiga ramli, akaviita uchafu katika kazi ya shetani, akaamrisha viepukwe. Kisha akataja sababu: kuingiza uadui na chuki baina ya watu, na kuzuia watu na dhikri na swala. Na kabla yake, katika Suratul Baqara aya ya 219, amekiri kwamba katika ulevi na kamari kuna dhambi kubwa na kuna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Manufaa gani? Wafasiri wametueleza namna Waarabu walivyokuwa wakifanya. Walinunua ngamia kwa deni, wakamchinja, wakagawa nyama mafungu. Kisha walitia mishale kumi katika mfuko. Saba kati yake ilikuwa na hisa: al-Fadhi hisa moja, at-Tau'am mbili, ar-Raqib tatu, al-Hils nne, an-Nafis tano, al-Musbil sita na al-Mu'alla saba. Mitatu ilikuwa mitupu: al-Manih, as-Safih na al-Waghd. Mtu mwaminifu aliingiza mkono mfukoni akatoa mshale mmoja mmoja kwa jina la kila mtu. Aliyetokewa na mshale wenye hisa alichukua fungu lake. Waliotokewa na mishale mitupu hawakupata kitu, na wao ndio waliolipa bei ya ngamia. Na wengi wao hawakuila nyama ile. Waliigawa kwa masikini, wakajifakharisha kwa ukarimu huo.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Kamari ile ilikuwa na wema ndani yake: masikini walikula. Pamoja na hayo imeharamishwa. Hivyo mtu akituambia kwamba mchezo fulani huwaliwaza vijana, au sehemu ya mapato yake huenda kwenye sadaka, hatuna haja ya kumkadhibisha. Tunamwambia kwamba Qur'ani imekwisha kuyataja manufaa hayo, kisha ikahukumu.

Pia tazama ule mfuko. Mishale kumi yenye hisa zilizopangwa kabla, mkono unaoingia bila kuona, na malipo yanayomlazimu mtu kabla ya kujua kitakachotoka. Kisanduku cha simu kimebadilisha ngozi ya mfuko tu.

Biashara ya kokoto

Hapo ndipo kijana wangu aliponirudi kwa hoja yake: "Lakini Sheikh, katika ile mishale kuna aliyekosa kabisa. Mimi kila kisanduku kimenipa kitu." Ni hoja ya mtu mwenye akili, na wako wanavyuoni wa zama hizi ambao kwa sababu hiyo husita kukiita kisanduku kamari kwa maana kamili. Wanasema kamari ni pale ambapo kila mshiriki yuko baina ya kupata na kupoteza, na hapa kampuni haipotezi kamwe, na mnunuzi hatoki mikono mitupu. Wengine hujibu kwamba anayelipa elfu kumi akapata kitu ambacho hakuna mtu angekinunua kwa mia, huyo amepoteza, hata kama ameshika kitu mkononi.

Kwa maoni yangu, mjadala huo una faida, lakini haja ya kuumaliza haipo, kwa sababu mlango wa pili umekwisha fungwa. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) amekataza biashara ya kokoto (bay'ul hasat) na biashara ya gharari. Gharari ni kile ambacho mwisho wake umefichika. Waswahili tuna maneno yetu ya kuieleza: kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ametaja tafsiri tatu za biashara ya kokoto. Ya kwanza ni kwamba muuzaji amwambie mnunuzi: katika nguo hizi nimekuuzia ile itakayoangukiwa na kokoto nitakayoirusha; au, katika ardhi hii nimekuuzia kuanzia hapa mpaka kokoto itakapofika.

Hebu tusimame hapa. Katika biashara hii ya nguo, je, mnunuzi anaweza kutoka bila nguo? Hawezi. Kokoto lazima iangukie moja. Kila mara atapata kitu. Na bado Mtume (S.A.W) ameikataza, kwa kuwa amelipa bila kujua analipia nguo ipi, na kilichoamua ni mruko wa kokoto. Hoja ya "kila mara napata kitu" basi ilikwisha jibiwa zaidi ya miaka 1400 iliyopita. Kisanduku cha bahati ni nguo zilizotandazwa, na programu ya kampuni ndiyo inayorusha kokoto.

Tusivuke mpaka lakini. Nawawi pale pale ametukumbusha kwamba gharari ndogo ambayo haiepukiki, na ambayo watu wanaihitaji, imesamehewa kwa ijmaa. Mtu hununua joho bila kuona pamba iliyojazwa ndani. Mtu hupanga nyumba kwa mwezi, na mwezi huwa siku 29 au 30. Mtu huingia hamamu kwa malipo mamoja, na wengine hutumia maji mengi kuliko wengine. Kwa mfano huu, mtoto anayenunua biskuti kwa bei yake ya kawaida, akakuta ndani kijikaratasi chenye picha, hatuwezi kumwambia amecheza kamari, madhali alichokikusudia ni biskuti. Katika kisanduku hakuna biskuti. Bahati yenyewe ndiyo bidhaa.

Kwa hiyo tutenganishe:

1. Kununua kitu cha mchezo kinachojulikana kwa bei inayojulikana, kisicho na picha au maudhui ya haramu, asili yake ni ruhusa, na linalobaki ni swali la israfu.
2. Kisanduku ambacho mchezaji hupewa bure kwa kucheza, bila kulipa pesa wala sarafu iliyonunuliwa kwa pesa, si mauzo, kwa hiyo hukumu ya gharari katika mauzo haikigusi. Lakini mara nyingi huwa ni chambo cha kumfundisha mtoto kufungua vile vya kulipia, na mlezi mwenye busara ataziba njia hiyo.
3. Kulipia kisanduku kilichofungwa, kwa pesa au kwa sarafu iliyonunuliwa kwa pesa, hakufai. Almasi iliyowekwa katikati haibadilishi kitu, kwani mikataba hutazamwa makusudio yake na maana yake.

Serikali za dunia zimeuliza swali gani?

Huenda mtu akasema kwamba masheikh wanaharamisha kila kipya. Basi na tutazame nchi ambazo hazihukumu kwa Sheria ya Kiislamu.

Mwezi Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Ilitafuta mambo manne: kuwepo mchezo, kuwepo dau, kuwepo kupata au kupoteza, na kuwepo bahati. Ikaona kwamba visanduku vya kulipia katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Electronic Arts ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Jirani zao Waholanzi walifika pengine. Mamlaka yao ya michezo ya kubahatisha iliitoza kampuni hiyo hiyo faini ya Euro milioni 10 kwa pakiti za kadi. Lakini tarehe 9 Machi 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliifuta faini hiyo, ikisema kwamba kufungua pakiti si mchezo unaojitegemea, bali ni sehemu ya mchezo mkubwa wa mpira ambao ni wa ustadi. Nchini Uingereza, kamati ya Bunge ilipendekeza mwaka 2019 kwamba visanduku hivi viingizwe katika sheria ya kamari. Mwezi Julai 2022 serikali ikaamua kutoibadilisha sheria hiyo, ikazitaka kampuni zijirekebishe zenyewe. Mojawapo ya vikwazo huko ni kwamba zawadi, ili iwe ya kamari, lazima iwe pesa au kitu chenye thamani ya pesa.

Kwa nini wametofautiana ilhali kisanduku ni kile kile? Kwa sababu swali la sheria zao ni: je, kilichotoka kina thamani ya pesa, na je, tendo hili ni mchezo peke yake? Fiqhi inaanza mlango mwingine. Inauliza: wakati ulipolipa, ulijua unanunua nini? Swali hilo halihitaji kujua kama vazi la mchezo linauzika nje, wala kama kisanduku ni mchezo ndani ya mchezo. Linatazama mkono unaotoa pesa. Mwanafunzi wa fiqhi na aone hapa hekima ya Sheria kuweka milango miwili, kamari na gharari, ili anayeuzunguka mmoja akutane na wa pili.

Na uhusiano baina ya visanduku na kamari si dhana ya masheikh. Mwaka 2018 watafiti David Zendle na Paul Cairns walichapisha katika jarida la PLOS ONE uchunguzi wa wachezaji zaidi ya 7,000. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyokuwa na tatizo kubwa la kamari, ndivyo alivyotumia pesa nyingi zaidi katika visanduku. Wenyewe walieleza kwamba hilo halithibitishi kipi kimezaa kipi: huenda visanduku ni mlango wa kuingilia kamari, au huenda waliokwisha kuathirika na kamari ndio wanaovutwa navyo. Kwa mzazi, yote mawili yanatosha kumfanya asimamie simu.

Hukumu ya mchezo wenyewe

Baada ya kulijua hilo, tusirudi kwenye kosa langu la mwanzo la kuharamisha kila kitu. Wanavyuoni wetu walipambanua. Kuhusu nardi, mchezo unaotegemea kete, amepokea Muslim kutoka kwa Burayda (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) amemfananisha mwenye kuucheza na aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Kuhusu sataranji, ambayo inategemea fikra, Imamu Shafi'i aliiona ni makruhu na si haramu, wakati Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad waliiharamisha. Na Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya pwani hii, alifutu kwamba sataranji ikimpitisha mtu wakati wa swala, au ikichezwa kwa dau, basi ni haramu hata kwa Shafi'i.

Huo ndio mzani wa kupimia mchezo wa simu: je, una dau? Je, unampitisha swala? Je, ndani yake mna uchi, ushirikina, matusi au dhuluma? Je, unaharibu mwili, masomo na haki za wazazi? Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza ugonjwa wa michezo ya kompyuta katika orodha yake mpya ya maradhi, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Alama zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao hata baada ya kuona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Maana yake si kila anayecheza ni mgonjwa. Maana yake ni kwamba yuko anayehitaji tiba, na fimbo peke yake si tiba.

Na mashindano ambayo kila kijana hutoa kiingilio kisha mshindi huzoa zote, hayo ni kamari, yawe ya simu, ya karata au ya keram.

Mtoto, simu na mali ya watu

Sasa turudi kwa mama. Aliuliza: je, ni wizi? Na pesa je?

Kwanza, kama kijana hajabaleghe, kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi. Lakini haki ya mja haipotei: mali aliyoiharibu mtoto hudhaminiwa katika mali yake yeye. Na miaka kumi na mitatu ni umri ambao baadhi ya vijana wamekwisha baleghe, kwa hiyo mlezi lazima amuulize na amfundishe alama zake bila kuona haya.

Pili, mkataba wenyewe. Kwa madhehebu ya Shafi'i, mauzo na manunuzi ya asiyebaleghe hayasihi, hata kama mlezi amemruhusu. Madhehebu mengine yanayakubali kwa mtoto mwenye kupambanua akiwa na idhini ya mlezi. Hapa idhini haikuwepo. Basi kwa madhehebu yote, mama ana haki ya kudai kurudishiwa, na kuomba marejesho kutoka duka la programu si aibu wala si kuvunja ahadi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba sheria za wengine zimefika karibu na hapo. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani ilizibana kampuni za Apple na Google zirudishe pesa ambazo watoto walizitumia ndani ya programu bila ridhaa ya wazazi. Apple ilikubali kurudisha si chini ya dola milioni 32.5, na Google si chini ya dola milioni 19. Mwezi Januari 2025 tume hiyo ilitangaza kwamba mchapishaji wa mchezo wa Genshin Impact amekubali kulipa dola milioni 20 na kuzuiwa kuwauzia visanduku walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi. Sisi tuna aya ya tano na ya sita za Suratun Nisaa tangu karne ya saba: tusiwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na tuwajaribu mayatima mpaka tuone kwao uongofu wa kutunza mali. Mwenye kumpa mtoto simu yenye pesa na namba ya siri isiyobadilishwa, amemkabidhi mali kabla ya kumjaribu.

Wajibu wa dola na wajibu wa msikiti

Kanuni ya fiqhi inasema kwamba matendo ya kiongozi juu ya raia hufungamana na maslahi yao. Wanavyuoni waliotangulia, kama Mawardi katika al-Ahkamus Sultaniyya, walieleza kazi ya muhtasib, msimamizi wa soko anayekagua mizani na ghushi. Asili yake inajulikana: Mtume (S.A.W) alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono akakuta unyevu ndani, akamkaripia muuzaji kwa kuuficha, akamjulisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake.

Nani leo anaingiza mkono ndani ya kisanduku? China iliamuru kwamba kuanzia Mei 2017 kampuni zitangaze asilimia za kila kitu kilichomo. Korea Kusini, tume ya ushindani wa biashara mwezi Januari 2024 iliitoza kampuni ya Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6. Kosa lake lilikuwa kupunguza kimya kimya uwezekano wa kupata vitu adimu katika mchezo wa MapleStory, mpaka vingine vikawa haviwezekani kabisa, huku wachezaji wakiendelea kulipa. Huo ndio unyevu chini ya rundo. Miezi miwili baadaye, Machi 2024, sheria ya kutangaza asilimia ikaanza kazi huko.

Ni hatua njema, lakini tujue mpaka wake. Kutangaza asilimia huondoa ghushi, hakuondoi gharari. Mwenye kuambiwa kwamba kokoto ina fungu moja katika mia la kuangukia nguo ya hariri, bado hajui ataondoka na nguo gani.

Vilevile sheria peke yake hailei. Korea Kusini mwaka 2011 iliwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria ile ililenga michezo ya kompyuta, watoto wakahamia kwenye simu, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. China mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi, ikawaruhusu wenye umri chini ya miaka 18 saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nyumba ambayo mzazi humkopesha mwanawe jina na simu yake, sheria kama hiyo huishia mlangoni.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, imetungwa kabla ya simu za aina hii kuingia majumbani. Ni haki ya Waislamu, kama raia wengine, kuwaomba wawakilishi wao walitazame jambo hili kwa ajili ya watoto wa dini zote. Lakini wakati tukisubiri, msikiti una kazi yake:

1. Imamu aombe kuonyeshwa mchezo kabla ya kuuhukumu.
2. Wazazi wafundishwe kubadilisha namba za siri na kuweka kizuizi cha manunuzi katika simu. Hili linaweza kufanywa madrasa, Jumapili moja, na kijana anayejua akawafundisha wazee.
3. Biashara ya gharari isomeshwe kwa mifano ya leo. Mwanafunzi anayehifadhi samaki majini na ndege hewani bila kukijua kisanduku kilichomo mfukoni mwake, amehifadhi tu.
4. Aliyekwisha ingia, aliyebaleghe, atubie na aache. Mtume (S.A.W) amemwelekeza aliyetamka tu kumwita mwenzake kwenye kamari atoe sadaka, basi aliyelipa ana haki zaidi ya kufanya hivyo.

Hitimisho

Sehemu ya pesa za yule mama ilirejeshwa baada ya maombi, sehemu haikurudi. Kijana alikubali kulipa deni kwa mama yake kidogo kidogo kutokana na kazi ya likizo kwa mjomba wake. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, nikamwambia hukumu ya visanduku haikubadilika kwa kuviona. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua ninachokikataza, na yeye anajua kwa nini. Nilimuuliza ameelewa nini. Akajibu, "Kokoto, Sheikh." Nikaona amefahamu kuliko baadhi ya tuliosoma miaka mingi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinaishe kwa halali yake na haramu yake, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie miongoni mwa wanaofahamu kabla ya kufutu. Lililo sawa ni kutoka kwake, na lililo kosa ni kutoka kwangu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.